Shemeji na Mchoro wa Pampu

Shoga, uko? Shemeji kaumbuka leo mbele ya karakana nzima!

Si unaujua mchoro wangu wa pampu, ule tuliouweka wazi mtandaoni kila mtu aunde? Chini niliandika jina langu na onyo: "Mpini haujajaribiwa, msiunde bado." Yeye kafuta mstari mzima, kaweka jina lake. Mstari mzima, shoga!

Leo wageni wamekuja na pampu waliyoiunda kwa mchoro huo. Mpini umekatika vipande viwili. Wakauliza, "Mwenye mchoro nani?"

Eti shemeji ananisonta mimi! "Mchoro ni wa shemeji huyu."

Nikamwambia, "Aa, shemeji, usinigawie sifa zako. Jibu wageni."

Sasa dada kanipigia, eti nimwonee huruma mumewe. Nimemwambia, mumewe kwanza arudishe jina langu. Na onyo langu.