Abbé, dume letu la kichwa cheusi

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kondoo kumi na tisa zizini, wote wananitazama kana kwamba mvua nimeileta mimi. Nimewafungulia saa nne, majani yalipokauka kidogo. Wakila majani yenye maji mengi, matumbo yanajaa upepo. Donatien, mume wangu, anasema ninavyowahesabu mlangoni ni kama bado niko darasa la nne. Basi na iwe hivyo. Miaka thelathini ya ubao na chaki haitoki mwilini kwa sababu mtu amepewa cheti cha kustaafu. Yeye naye alistaafu, lakini hahesabu kitu. Anacheka tu.

Abbé amekula machicha yake peke yake, kama kawaida. Kichwa cheusi, mwili mweupe, shingo nene, hatua za polepole, na lazima ahudumiwe kabla ya watu wote. Ndiyo maana tukamwita Abbé, yaani padri. Paroko wetu alipoambiwa alicheka, akauliza kama na huyo anawalaza watu kwa mahubiri.

Machicha ni ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Mama Odette, jirani yetu, anapika munkoyo wa kuuza, na kila jioni ananijazia ndoo ya makapi yanayobaki. Yana uchachu. Abbé anayapenda kupita kiasi. Wengine nawatilia pumba kwenye mbao. Yeye namtilia machicha kwenye beseni la shaba la marehemu baba, alilolifua kwa mikono yake alipokuwa mfanyakazi wa tanuru. Upendeleo, najua. Beseni lenyewe siku hizi linang'aa ndani, wala sihitaji kulisugua kwa ndimu.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimepapasa migongo. Mizani tunayo, lakini mkono haudanganyi. Unaweka vidole juu ya uti wa mgongo, nyuma ya mbavu. Ukigusa mifupa inayochoma, bado. Ukilazimika kuitafuta, mwanakondoo yuko tayari. Wana saba wa Abbé wana miezi minne na mifupa yao tayari naitafuta. Furaha niliyokuwa nayo ni ya kitoto. Nilimwita Donatien aje apapase, akapapasa mgongo wangu. Mzee mzima.

Niandike kabila zao, maana nasahau. Kondoo wa kwetu, tuliowanunua Kasomeno: wadogo, miguu mirefu, mkia mwembamba, rangi ya udongo. Hawaumwi ovyo, wanakula hata alichokataa mbuzi, na ni mama wazuri. Lakini mtoto wao wa miezi sita bado ni masikio na macho. Wa mkia mnene, wanaopendwa mashariki: wanavumilia njaa, ila mafuta yote yanakwenda mkiani na mteja anataka paja. Halafu Dorper, kabila la Abbé. Walitoka kusini, kwetu wakaingia kupitia Zambia. Manyoya yanaanguka yenyewe, hakuna kukata. Mgongo kama benchi la kanisa. Ukimpandisha kwa majike wa kwetu, mtoto anachukua uvumilivu wa mama na mapaja ya baba. Jike mdogo sana asipewe, kichwa cha mtoto kitamtesa wakati wa kuzaa.

Pasaka tutachinja wawili. Hapa mjini watu wanajua mbuzi. Mtaa wa Kamalondo kila kona kuna michopo ya mbuzi juu ya moto, na ukitaja kondoo wanakunja pua: ananuka! Ananuka akiwa mzee, jamani. Wa miezi mitano hanuki. Mwenye baa mmoja wa huko alionja mguu wa kwanza kwa kuniheshimu tu. Alipomaliza alikuwa ananyonya mfupa. Wote wawili wa Pasaka ni wake.

Kumbuka: siku moja kabla wasifukuzwe wala kupigiwa kelele. Kondoo akiogopa, nyama inakuwa nyeusi na ngumu.

Bila Abbé hakuna hata moja la haya. Tulimsubiri miaka miwili. Dume mwingine kama yeye hatutamwona karibuni.

Ijumaa, 21 Machi

Donatien amempeleka Abbé kwa binamu yake, njia ya Kasenga. Majike sita wanamngoja bwana harusi. Atalala huko siku mbili. Zizi limepooza. Jioni nimejikuta nimeshika ndoo ya machicha, nimesimama, sijui niwape nani. Nimewamwagia kuku.

Jumapili, 23 Machi

Amerudi saa saba mchana, nyuma ya pikapu, juani, bila kivuli. Nimegombana na Donatien mpaka nikakohoa. Abbé amekunywa maji mengi, machicha hakuyamaliza. Uchovu wa harusi, anasema Donatien. Sijacheka.

Jumatatu, 24 Machi

Hakula. Hata kidogo.

Saa tatu nimemfunua jicho. Njano, kama kiini cha yai. Amekojoa mbele yangu, mkojo mweusi kama kahawa. Nimekaa kwenye matope na nguo ya kutoka.

Nimempigia simu daktari wa wanyama, Docteur Clarisse. Yuko Kasenga, atafika kesho. Donatien anasema ni kupe. Tuliwaogesha wote mwezi huu, nimemwambia, kupe gani? Na mbona wengine kumi na wanane wanatafuna kama kawaida? Abbé anakula nini ambacho wao hawali?

Machicha.

Nimelifikiria siku nzima. Mwezi wa kwanza kondoo wetu walivunja ua wakala mboga zote za lenga-lenga za Mama Odette. Alisema haina neno. Alisema huku anacheka. Sasa kicheko kile nakiona vingine.

Jumanne, 25 Machi

Nimefanya jambo baya. Niliandike lilivyo.

Asubuhi Abbé hakuweza kusimama. Nimechukua ndoo ya Mama Odette, nikaenda nayo mpaka kwenye kibanda chake, wateja wakiwa wamekaa na vikombe mkononi. Nimeitua mbele yao. Nimesema kwa sauti ya darasani: kamata sumu yako. Watu wameshusha vikombe. Mmoja alitema. Mama Odette alisema tu, «Madame, miye? Kondoo yako? Miye?» Nimegeuka, nimeondoka. Nilijiona shujaa, hilo ndilo baya zaidi.

Donatien hakunifokea. Aliniambia, «Mama Régine, tungengoya kwanza docteur.» Kisha akatoka nje.

Docteur Clarisse amefika saa tisa, viatu vimejaa vumbi la njia ya Kasenga. Msichana mdogo kuliko binti yetu Régine, mikono ya mtu mzima. Ametazama macho, ufizi, mkojo. Machicha yaliyobaki ameyanusa, akayaonja kwa kidole, akasema mazuri. Kisha akauliza anakula wapi. Nimemwonyesha beseni kwa fahari. Kwa fahari! Ameligeuza mwangani, amepitisha ukucha ndani.

«Mama, hii beseni inangaaka hivi tangu lini?»

Tangu nianze kutilia machicha, nimesema. Kama miezi mitano.

«Acidi, ile uchachu ya munkoyo, njo inakwanguaka shaba. Na shaba yote anaikula yeye.»

Amenieleza polepole, kama mimi nilivyokuwa nawaeleza watoto kugawanya. Mwili wa kondoo haujui kuitoa shaba. Ng'ombe anaweza, nguruwe anaweza, hata mbuzi anavumilia zaidi. Kondoo anaiweka kwenye ini, kidogo kidogo, miezi na miezi, huku ananenepa na anapendeza. Siku akipata shida moja, safari, jua, hofu, ini linaimwaga yote kwenye damu mara moja. Na Dorper ni miongoni mwa walio dhaifu zaidi.

Hakuna aliyemwekea kitu. Nilimwekea mimi. Kila jioni, kwa mkono huu, kwa sababu nilimpenda kuliko wengine.

Amempiga sindano, ameacha dawa ya unga ya kunywesha. Nimemwuliza kama atapona. Amefunga mkoba wake kwanza, ndipo akasema wengi hawaponi.

Jumatano, 26 Machi

Amekunywa maji kwenye kiganja changu. Mara mbili. Donatien amemtandikia magunia na kumwegemeza kwenye ukuta ili asilale ubavu. Amemsemesha asubuhi yote kama watu wawili waliofanya kazi karakana moja. Nimesali rozari nzima kwa ajili ya kondoo. Mungu akicheka, acheke. Mradi asikie.

Jioni masikio yamekuwa baridi.

Kwa Mama Odette sijaenda. Kibanda chake leo kilikuwa na mteja mmoja. Nimeona kutoka hapa uani.

Alhamisi, 27 Machi

Amekufa saa tatu asubuhi. Alipumua kwa nguvu, akaweka kidevu juu ya kiatu cha Donatien, ikawa basi.

Docteur Clarisse amempasua ili tuwe na uhakika. Figo nyeusi kama makaa. Ini njano. Watu wawili wamepita kuomba nyama, nyama yote hiyo, wanasema, mnaifukia? Tunaifukia. Donatien amechimba mpaka usawa wa kifua. Wana saba wako salama, amesema docteur, maana walikula kwenye mbao tu. Nyama yao inaweza kuliwa na mtu yeyote. Beseni limerudi ndani, juu ya kabati. Baba hana kosa, na shaba haina kosa. Ni mimi.

Nimelia kwa ajili ya kondoo, mimi niliyezika wazazi wawili na macho makavu. Donatien alinawa mikono, akavaa shati safi, akasema anaenda kutembea kidogo. Sikumwuliza wapi. Nilimkasirikia hata kwa hilo.

Jumamosi, 29 Machi

Jana sikuandika. Kwa Mama Odette bado sijaenda. Ninaogopa. Watoto wangu wa darasani walipokosea niliwasimamisha mbele ya wenzao waombe msamaha kwa sauti. Mimi nanyata hapa nyuma ya ua wangu nisionekane na mwuza munkoyo.

Sababu ninazozitafuta: mvua, magoti, kazi ya zizi. Leo nimekata kwato za kondoo kumi na wanane. Za kumi na wawili hazikuhitaji.

Yule mkubwa wa wana wa Abbé, mwenye kichwa cheusi mpaka shingoni, alikuwa wa kuchinjwa Pasaka. Donatien anasema tumwache, tumbadilishe na dume wa mtu mwingine, maana hatuwezi kumpandisha kwa mama yake na dada zake. Kwa Pasaka tutachagua mwingine. Nimekubali bila kubishana. Amenitazama kama mtu anayetafuta homa.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa nimekwenda moja kwa moja, kabla sijavua viatu vya misa, maana ningevivua nisingekwenda. Kibanda kilikuwa kimejaa. Nilishangaa. Nilidhani nimemharibia kabisa. Nimesimama katikati yao, nimesema: Mama Odette, nilikusingizia mbele ya watu hawa, na mbele yao naomba msamaha. Sauti ya darasani ilinikimbia. Ilitoka nyingine, nyembamba.

Ameniwekea kiti. Amesema yaliisha.

«Papa Donatien alishakuya ile siku kondoo alikufa. Alikuya hapa, mbele ya bantu yote, akakunywa bikombe bitatu bya munkoyo ili baone haina sumu. Akasema beseni aliiwekaka yeye. Ata maneno ya sumu, akasema njo yeye alikutuma.»

Vikombe vitatu. Donatien, ambaye munkoyo humsumbua tumbo tangu ujana wake, na ambaye kwa miaka thelathini na minne hajawahi kunituma nikaenda.

«Hapana,» nimesema. «Ni miye. Yote ni miye.»

«Minajua, Madame,» akasema Mama Odette, anafuta kikombe. «Papa hajuake kudanganya. Alikuwa anatazama chini tu.»

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, machozi yakiwa papo hapo.

Nimemkuta zizini, amekaa kwenye ukuta mfupi, anawatazama wana saba wakinyonyana masikio. Nimemwambia nimetoka kwa Mama Odette. Hakugeuka. Akatazama chini, mzee huyu, na miaka yake yote.

Nilikuwa na maneno mengi njiani. Nimemwuliza tumbo linaendeleaje.

«Linauma tangu siku ya ine,» akasema. Tangu Alhamisi, siku ya vile vikombe.

Nimemwambia asogee. Nimekaa.