Soja Hatafungwa

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo ni miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke Mwingi. Nilitoka na ng'ombe wa kulima wa baba, nikamuuza sokoni, nikapanda gari la Nairobi bila kuaga. Hapa Mashimoni hakuna anayejua hilo. Wanajua tu nabeba mawe kwa mjengo huko Kawangware.

Dada yangu Kathini amepiga simu. Macho ya baba yameisha kabisa. Nikasema nataka kuja kuomba msamaha. Akampelekea simu. Mzee hakuishika. Alisema tu, kwa nguvu ili nisikie: sauti mtu anaweza kuiga, na mimi sioni. Soja akimkubali, ataingia. Akimkataa, arudi alikotoka.

Soja ni mbwa! Nilimlea mwenyewe kwa uji, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani.

Na sauti yangu baba anaijua vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemuuliza Wanzala, fundi ninayemhudumia: mbwa anaweza kumkumbuka mtu baada ya miaka mitatu? Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Sasa mbwa ndiye chifu wa kwenu?"

Halafu akaongea vizuri. Mjomba wake alirudi Webuye baada ya miaka minane. Mbwa akamrukia kwa furaha, akamwangusha mtaroni na baiskeli yake. Nikafurahi! Kisha Wanzala akakuna kichwa. Kumbe mbwa wa zamani alikuwa ameshakufa. Huyu alikuwa mtoto wake, na hakuwahi kumwona mjomba hata siku moja.

Nimetembea hadi nyumbani nikifikiria hilo. Basi mjomba alipokelewa bila kukumbukwa.

Ushauri wa Wanzala: mbwa hukumbuka kwa pua. Tuma nguo yenye jasho.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetuma shati. Nimelivaa siku tatu nikichanganya simiti. Kondakta wa gari la Mwingi amelishika kwa vidole viwili.

Jumamosi, 9 Agosti

Kathini amepiga. "Kaka, shati lilinuka! Nimelifua mara mbili, nikalipiga pasi. Nilidhani huna mtu wa kukufulia."

Nikaketi juu ya mawe nikacheka. Halafu kicheko kikaisha — ni kweli, sina.

Nimetuma lingine, la jana na leo. Juu ya karatasi niliyolifungia nimeandika kwa herufi kubwa: USIFUE.

Jumanne, 12 Agosti

Jibu limekuja. Soja alinusa kola. Akalizunguka shati mara mbili. Akainua mguu, akalikojolea.

Nimewaambia wenzangu wakati wa chai. Wanzala: "Hiyo ni salamu! Amekugongea muhuri." Mercyline anayetuuzia chai: "Salamu gani? Mutuku, umekojolewa, kubali tu." Watu wakaangua kicheko. Hata mimi.

Lakini Kathini anasema alipomweleza mzee, mzee alicheka. Tangu macho yaishe hajamsikia akicheka. Kisha akasema: aje mwenyewe, Jumamosi. Mbwa sitamfunga. Na wewe Kathini siku hiyo uende sokoni, usije ukamtuliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Kuna jambo sijaandika. Hata hapa nilikuwa nalificha.

Siku ile Soja alinifuata. Alidhani tunaenda kuchunga. Nikamfukuza, akarudi. Nikamfukuza tena — anatingisha mkia tu! Niliogopa atanichongea kwa watu wa kwetu: wakimwona, watajua ng'ombe ni wa nani. Nikaokota jiwe. La kwanza nilikosa. La pili lilimpata mguu wa nyuma. Alilia. Kisha akaketi katikati ya njia akinitazama, mpaka nikapinda kona.

Zaidi ya wiki sasa nauliza kila mtu kama amenisahau. Leo nimepanda ngazi na jiwe begani, nikasimama katikati. Na kama hajasahau?

Sikumuuliza Wanzala hilo.

Ijumaa, 15 Agosti

Gari ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nikishuka, ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Mzee atakuwa mlangoni kwenye kiti chake, geti wazi, Soja mahali fulani uani.

Mercyline amesema nibebe nyama nimrushie. Nimekataa. Mzee atamsikia akitafuna.

Sitamwita jina pia. Nimeamua. Nitaingia polepole, mikono chini, vidole wazi aone sina kitu.

Foremani wa mjengo ameniuliza nitarudi lini. Nimesema Jumatano. Sikumwambia kwamba huenda nikawa hapa kesho jioni.