Mti Wenye Shina Juu

Msimbu, Kisarawe
Julai 1979

Mpwa wangu Laurentia,

Shikamoo yako niliyoikuta ndani ya kifurushi naiitikia kwa moyo wote: marahaba, mwanangu. U hali gani, na hiyo baridi ya huko inasemaje? Sisi huku wazima. Mimi goti linaniuma kidogo, lakini juzi nilimkimbiza nguruwe mwitu mpaka akakaa chini kupumzika, nami nikamngoja.

Kitabu cha pili ulichokiandika kimefika. Nimekisoma chote, isipokuwa Kiingereza chake.

Nilipoona mti umechorwa kwenye jalada, nilikipeleka moja kwa moja kwenye mkutano wa kijiji. Nikawaambia kwamba mpwa wangu, niliyemfundisha mwenyewe kuhesabu kwa korosho, sasa ni bingwa wa miti, na Wazungu wanamwamkia. Mwenyekiti Shomari akakigeuzageuza, akauliza ni mti gani huo shina liko angani na majani yako chini, au ni mimi Bartolomeo niliyekishika kichwa chini miguu juu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikawajibu kwamba Ulaya baridi ni kali, miti inaficha vichwa ardhini. Jirani yetu Mwamvita peke yake akasema basi huyo bingwa atupatie dawa ya ubwiri, huu ugonjwa wa ukungu mweupe unaotumalizia mikorosho. Nikaahidi kwa niaba yako.

Baadaye Mwalimu Didas alinieleza kwamba kitabu ni cha kuipangia kompyuta kazi, hatua baada ya hatua, na mti ule ni namna ya kutafuta kitu: unaanzia juu, kila penye njia panda unachagua upande, mpaka unakifikia bila kupekua kila mahali. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nawapima tu.

Kisha nikakipeleka kule Sofu, kwa mama yako. Unajua mwenyewe, tangu ulipoikataa posa ya Andrew ukapanda ndege, dada Yosefina hajalitamka jina lako. Kwake wewe ni yule wa Ulaya. Kitabu cha kwanza hata hakukigusa. Safari hii nikamweleza mti kama Didas alivyosema, nikiongeza kidogo. Akaniambia hebu nyamaza, Barto, huu si mti, huu ni ukoo. Akaweka kidole juu kabisa, akasema huyu baba yetu. Akashuka: huyu wewe na maneno yako, huyu mimi. Akashuka tena mpaka kwenye jani moja la pembeni. Kidole kikakaa hapo. Nikangoja, nami kungoja sikuwezi. Akasema huyu ni Laurentia wangu.

Mwanangu, nimesimulia mengi, na mengine hayakutokea. Hili limetokea. Akaniuliza kama mtu aliye kwenye jani anaweza kuufuata mstari uleule kurudi juu. Nikasema anaweza, kitabu kimeandika hivyo. Usiniaibishe.

Yuko hapa Msimbu sasa, ameketi kando yangu, ananiambia nipunguze majigambo karatasi isiishe. Wote wanakusalimu, na Shomari anauliza dawa ya ubwiri.

Mama yako shikamoo yako ameiona. Anasema hawezi kuiitikia kwenye karatasi. Ataiitikia ukiwa mlangoni.

Ni mimi mjomba wako,
Bartolomeo