Alichosema baba yake Bibi barazani

Ijumaa, baada ya Asri.

Maskati nzima hakuna anayesoma Kiingereza kunishinda. Hao Waingereza wanaokuja hoteli ya Bustan kuota jua waje tushindane. Skuli niliacha mwenyewe, sikufukuzwa.

Leo Bibi kanipa karatasi za Baraza la Kutunga Sheria la Unguja, za wakati wa Mwingereza, nimfasirie. Baba yake alikuwa mjumbe. Habari za kubadilisha mahkama nimemsomea sawasawa. Ikaja bei ya mchele.

"Baba alisemaje, mwanangu? Mtaani walikuwa wakisema yeye ndiye aliyewatia njaa."

Karatasi inasema alitaka bei ipande. Nikamwambia, "Aliwatetea maskini, Bibi. Alisimama peke yake."

Akalia. Mimi nikajiona hodari, nikaongeza na makofi ya wajumbe.

Kumbe hajamaliza. Kampigia simu Bi Zuwena wa mtaa wa Ansab, shoga yake wa utotoni Unguja, akamweleza niliyomsomea. Wamenuniana miaka kwa maneno hayohayo ya njaa. Nilikuwa karibu, nikamsikia Bi Zuwena: "Nisamehe, Salma. Nimemsingizia baba yako."

Hakumsingizia. Kwao walilala na njaa kweli, na leo mimi nimemfanya aombe radhi.