Somo Amemwaga Kabichi ya Mume Wangu

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kutoka Temeke nikiomba msaada wako, lakini kabla sijafika kwenye shida niache kwanza nijisifu kidogo, maana huu ni mwezi wa tatu tangu niolewe na mpaka leo mlango wa uani ukifunguliwa jioni moyo unanienda mbio kama vile bado nasubiri posa. Mume wangu anaitwa Hilal, ni fundi wa pampu za maji kwenye mradi wa mpunga huko nje ya Kibamba, na mtaani kwetu hakuna mwingine aliyesomeshwa na taifa hadi Korea ya Kaskazini, miaka miwili, akarudi anasema lugha yao, akarudi na vijiti vya chuma vya kulia ambavyo wifi zangu walidhani ni vya kufumia, na akioga huimba Kikorea, majirani wanapunguza redio wamsikilize.

Huko Korea alikuwa na mwalimu anaitwa Ndugu Pak, na baridi ilipomshinda Hilal akataka kurudi nyumbani kabla ya kumaliza masomo, ni Ndugu Pak aliyemchukua kwake, mkewe akawa anamlisha wali na kabichi yao, ile wanayoitia chumvi, saumu, tangawizi na pilipili nyekundu, kisha ikafungiwa mtungini siku kadhaa mpaka ichache, na Hilal anasema bila kabichi ile asingefika hata katikati ya masomo. Sasa Ndugu Pak yuko hapa hapa kwetu, aliletwa kuwaelekeza kwenye mradi, na mwisho wa mwezi ujao anarudi kwao moja kwa moja, hivyo mume wangu amemwalika nyumbani kula chakula cha kuagana na amemwahidi kabichi.

Basi tukaanza kujaribu, na ungetuona, Mshauri, yeye anakata kabichi ya Lushoto, mie natwanga pilipili, machozi yanatutoka na huku tunacheka, akanieleza kwamba kule hutia na kamba wadogo wa chumvi, nikakimbia kwa mama muuza dagaa nikarudi na uduvi, tukashindilia vyote mtungini tukauweka kivulini karibu na jiko, na kila asubuhi nilikuwa naufunua nanusa, naona fahari kana kwamba nimepika kwa ajili ya mkutano wa mataifa. Siku mapovu yalipoanza kutoka Hilal alionja kidogo akafumba macho, akasema bado kidogo tu, akaondoka kwenda kazini anapiga mluzi.

Siku hiyo hiyo akaja Bibi Tunu. Huyu ndiye somo wangu, aliyenifunda kabla ya harusi, na kama ilivyo kwa kila somo, hupita mara moja moja kuangalia mwari wake ameshikaje nyumba, nami nilimpa shikamoo na kigoda, lakini pua yake ilikuwa imeshafika jikoni kabla yetu. Akafunua mtungi, akanusa, akaubeba mwenyewe hadi migombani akaumwaga wote huku mie nimesimama mikono kichwani.

"Hamdiya, mie nilikufunda umpe mume chakula kilichochacha?"

Sikujibu, maana somo hajibiwi, na kweli ndivyo alivyonifunda, kwamba mume hapewi kilicholala, hata mchuzi wa jana ni aibu, mwanamke anayempa mume kiporo ameshachoka na ndoa. Akasema akiukuta tena mtungi ule atawaambia wanawake wote walionicheza unyagoni kwamba mie si mwari wake.

Hilal aliporudi akaukuta mtungi umeoshwa, umeanikwa uzioni. Hakugomba. Alikaa kizingitini na nguo zake za kazi, nikamweleza yote, akasema, "Ndugu Pak alinipa kwake, Hamdiya. Nilitaka na yeye aone kwamba nina kwangu."

Maneno hayo yananichoma hadi leo. Nimeingia mjini kutafuta hoteli ya chakula cha Kikorea, nikafika kwa Wachina, mhudumu akaniambia, "Sista, hapa ni Kichina, usituchanganye na watu," nikaenda hoteli nyingine, mpishi akasema anaweza kunipikia wali wa Kikorea, nikamuuliza ukoje, akasema ni pilau, ila anazidisha pilipili. Nimefikiria hata nikiipata hoteli yenyewe ninunue, nimimine kwenye bakuli zangu niseme nimepika mie, ili mume wangu asiaibike na somo wangu asikute mtungi. Tafadhali nielekeze, ni wapi katika jiji hili mtu anaweza kupata chakula kizuri cha Kikorea? Mume wangu nampenda na somo wangu sitaki kumpoteza.

Ni mimi,
Hamdiya, Temeke

JIBU

Mwanangu Hamdiya, hongera ya ndoa. Mke anayelia pilipili na mumewe huku wanacheka hana shida kubwa, kwa hiyo futa machozi unisikilize.

Nimekuulizia kwa watu wanaojua kula. Hakuna aliyeweza kunitajia hoteli ya Kikorea hapa Dar es Salaam, na hata wangenitajia kumi nisingekupa jina la hata moja. Mumeo hakumwalika mwalimu wake hotelini. Alimwalika kwake. Na hilo wazo la kununua chakula ukimimine kwenye bakuli zako ulitoe kichwani leo hii. Mtu aliyekula kabichi hiyo tangu utoto utamdanganya kwa bakuli? Utamwaibisha Hilal mbele ya mtu yule yule ambaye hakutaka kuaibika mbele yake.

Bibi Tunu usimlaumu. Alikukataza chakula kilichosahauliwa, na alikukataza kwa haki. Chenu hakikusahauliwa, mlikitazama kila asubuhi. Yeye mwenyewe, ninavyowajua bibi wa Temeke, hakosi chupa ya achari ya ndimu inayokaa juani wiki nzima, na hakuna aliyewahi kuimwaga. Lakini usije ukamwambia hayo. Mwari hamjibu somo, na ulivyonyamaza ulifanya vyema.

Kosa lenu liko kwingine. Wewe na mumeo mmesahau kazi ya somo ni nini. Mume akiwa na anachokitamani mezani ambacho mkewe hakufundwa, hakai kizingitini na huzuni yake, anakwenda kwa somo. Hiyo ni njia yake, na ni haki yake. Bibi Tunu akiisikia haja hiyo kwa kinywa cha mume, atalazimika kukufunda, na hawezi kukufunda asichokijua. Itabidi aje akae mkekani ajifunze kwanza.

Kwa hiyo Ijumaa hii, baada ya swala, Hilal avae kanzu aende kwa Bibi Tunu na doti ya kanga. Ampe shikamoo, akae, asitaje kumwagwa kwa mtungi hata kwa utani. Aseme tu kwamba amekuja na haja ya chakula, na amweleze ile baridi na yule mama aliyemlisha alipokuwa mgeni wa watu. Wewe usifuatane naye. Bibi Tunu akiuliza maswali, na atauliza mengi, ajibu yote. Bibi akikasirika, Hilal anyamaze, arudi tena Ijumaa ya pili. Mna muda.

Kabichi ya safari hii aikate somo, pilipili utwange wewe, na mtungi ukae nyumbani kwa Bibi Tunu mpaka uive, chini ya macho yake, ili asiwepo wa kusema umempa mume kilicholala.

Siku ya mgeni, Bibi Tunu ndiye apakue. Ndugu Pak akishaonja, Hilal amtafsirie bibi kila neno atakalosema, hata akisema chumvi imezidi. Aliyeumwaga mtungi wa kwanza ana haki ya kusikia mwenyewe wa pili umekuwaje.

Mshauri