Kopo la Baba Kinyozi

Mwaka umetimia, Baba, tangu uzime mashine yako ya kunyolea, ukung'ute taulo mlangoni na kusema unajinyoosha kidogo kwenye benchi la wateja. Hukuamka. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu yake alidhani umechoka tu, akakaa kimya nusu saa nzima akisoma gazeti la juzi ili asikusumbue.

Tungependa kukuandikia kwa upole, maana wewe ulikuwa mpole. Lakini tumekasirika, na ni wewe uliyetukataza kucheka na mtu huku tumemnunia moyoni. Kwa hiyo tuvumilie.

Kwanza wanaosoma wakumbuke ulivyokuwa. Ulinyoa watu miaka thelathini na sita katika chumba kile kile chenye kioo kimoja kirefu na viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa kibovu, ukakataa kukitupa kwa sababu, ulisema, wambeya nao wanahitaji pa kukaa. Chai uliipenda ikiwa imepoa. Ulipiga mluzi wimbo mmoja ambao hakuna aliyewahi kuutambua, na tulipokuuliza ni wimbo gani ulisema na wewe unautafuta. Watoto walioogopa mlio wa mashine uliwanyoa kwa mkasi, taratibu, ukiwauliza habari za kazini kana kwamba nao wana mshahara.

Na mbele ya kioo, kati ya chanuo na chupa ya spiriti, palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga lililotobolewa tundu kwenye kifuniko. Mtaa mzima unalijua. Ulianza na upande wa kulia. Ukifika katikati ya kichwa unazima mashine, unasogeza kopo mbele ya mteja, unakunja mikono.

"Upande wa kushoto unasubiri neno lako."

"Mzee, acha masihara, nina kikao!"

"Hongera. Nenda hivyo hivyo."

Mtu anacheka, anatoa. Asiye na pesa ulimwambia alete mche wa sabuni, au shuka ambalo halitumiki, au aje Jumamosi apige deki. Hukumdhalilisha mtu hata siku moja. Ila hukunyoa kichwa kizima bila kusimama katikati, kiwe cha mwalimu mkuu, kiwe cha yule kijana aliyekuja kuniposa mimi, binti yako. Kijana huyo alilipa kwa kupaka rangi vyumba viwili, na leo ni mume wangu.

Vyote vilikwenda kwenye ile nyumba ya vyumba vinne nyuma ya hospitali, wanapolala akina mama waliojifungua watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hukaa wodini wiki nyingi, na mama yake anatakiwa amnyonyeshe kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Anayetoka mbali hana pa kulala. Nyumba inatunzwa na muuguzi mstaafu tunayemwita Sista. Haina mfadhili mkubwa wala bango la kupigia picha. Ilisimama kwa vichwa ulivyovinyoa wewe na kwa mikono ya watu wa mtaa huu.

Kwa nini ulichagua nyumba ile, wengi hawajui. Mimi ninayeandika kwa niaba ya familia ni mwanao wa kwanza. Nilizaliwa na kilo moja na robo. Mama alilala kwenye benchi la ukumbi wa hospitali siku arobaini na moja, miguu imevimba, mkoba wake ndio mto. Ulikwenda kila alfajiri na chupa ya uji, na kila alfajiri ulimkuta mlinzi anamwamsha Mama kwa kugonga benchi kwa funguo. Ulisema mlio ule haukuwahi kukutoka masikioni.

Sasa tuseme yanayotuuma.

Siku ya mazishi yako mwenyekiti wa mtaa alishika kipaza sauti, akafuta macho kwa leso, akaahidi magodoro matano kwa ajili ya nyumba ile. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaahidi paa jipya. Uliosoma nao wakaahidi sabuni na nepi kila mwezi "mpaka dunia iishe". Tulilia, tukawashukuru mmoja mmoja kwa kuwashika mikono. Kumbe tulikuwa tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Dunia yao iliisha wiki ile ile.

Wiki tatu zilizopita Mama alikwenda kumwalika Sista kwenye kumbukumbu hii. Alikuta vyumba vitatu vimefungwa kufuli. Paa linavuja, magodoro yameota ukungu, gesi ya kuchemshia maji imekwisha. Sista alimwambia kwamba mwisho wa mwezi atafunga na hicho cha nne, arudishe funguo, akapumzike, maana amechoka kuwafukuza watu. Mama akapitia hospitalini. Ukumbini, kwenye benchi, alimkuta binti mdogo amejikunja, mkoba chini ya shavu.

"Mwanangu, mbona unalala hapa?"

"Nimeambiwa kule hakuna nafasi, mama. Mtoto wangu ana siku sita."

Mama alirudi nyumbani, akakaa na kanga yake ya kutokea mpaka kesho yake. Chakula hakugusa.

Jumapili iliyofuata, kamati ya kumbukumbu yako ilikutana sebuleni kwetu. Hapo ndipo ungeshangaa, Baba. Watu walichangamka! Turubai, viti mia mbili, spika mbili zenye urefu wa mlango, na fulana zenye picha yako kifuani. Michango yote ilikuwa imekamilika ndani ya wiki moja, bila mtu kusukumwa. Fulana! Wewe uliyevaa koti moja la kazi mpaka viwiko vikaona jua. Wakabishana dakika arobaini kama picha iwe ile unayotabasamu au ile ya kitambulisho.

Nikasimama. Mama alinivuta nguo, sikukaa. Niliwaambia wana mikono ya birika. Niliwaambia wanampenda marehemu kwa sababu marehemu hawezi kuwasogezea kopo. Niliwaambia habari za binti wa kwenye benchi, nikamgeukia mwenyekiti nikamuuliza magodoro matano yako wapi. Akatazama dari kama vile yangedondoka kutoka huko. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akakumbuka ghafla kwamba ameacha duka wazi.

Kisha mwashi wa pale kona, mtu asiye na maneno mengi, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Dada, unatusema, na ni haki yako. Ila niulize kitu. Mwaka huu nimenyolewa pale kwenu mara kumi na moja. Kichwa kizima. Hakuna aliyenisimamisha katikati."

Mdogo wangu, kitinda mimba wako aliyerithi kiti na mashine, akaangalia viatu vyake. Mahali palipokuwa na kopo aliweka televisheni, wateja waangalie mpira. Aliona aibu kuomba, Baba. Alisema wewe ulikuwa na uso wa kuomba, yeye hana.

Na kopo? Kopo lilikuwa hapo hapo sebuleni, nyuma ya kichwa cha mwashi, ndani ya kabati la vioo. Ni mimi niliyeliweka, wiki moja baada ya mazishi. Nilisema ni kumbukumbu, lisiguswe na mtu. Nililisugua likang'aa. Nikaziba tundu kwa gundi ili vumbi lisiingie, nikasimamisha maua ya plastiki juu ya kifuniko. Kila Jumamosi nililitoa, nikalifuta kwa kitambaa laini, nikalirudisha. Mwaka mzima. Binti yule alipokuwa anazunguka na mkoba wake akitafuta pa kulaza kichwa, mimi nilikuwa nafuta kopo.

Nilikuwa nimeukasirikia mtaa mzima. Siku hiyo nililazimika kugawana hasira ile na mimi mwenyewe, na fungu langu halikuwa dogo. Nilitoa maua nikayatupa pipani mbele ya kamati. Gundi niliitoboa kwa kisu cha jikoni, nikajikata kidole, nikamkabidhi mdogo wangu kopo likiwa na damu kwenye kifuniko. Kesho yake televisheni ilikuwa imerudi nyumbani.

Lakini kosa letu halimfutii mtu ahadi yake. Aliyesema kwenye kipaza sauti alisema mwenyewe, hakushikiwa kisu. Jumamosi iliyopita mwenyekiti alikuja kunyolewa ili apendeze kwenye kumbukumbu yako. Mdogo wangu akaanza na upande wa kulia. Alipofika katikati akazima mashine, akasogeza kopo. Mikono ilikuwa inamtetemeka, anasema, lakini aliikunja.

"Mwenyekiti, yale magodoro."

"Wiki ijayo, mdogo wangu. Malizia, watu wananisubiri."

"Sawa. Na upande wa kushoto wiki ijayo."

"Wewe! Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mzee. Shikamoo."

Kwenye kiti kibovu mwashi alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwenyekiti alitoka na taulo letu kichwani. Kabla ya saa saba mkokoteni ulisimama mlangoni na magodoro matano yangali kwenye nailoni, na yeye nyuma yake, kofia imeshuka mpaka masikioni. Alikaa kitini. Mdogo wangu akamnyoa vizuri, akamchonga na ndevu, akamfuta shingo kwa taulo la moto kama ambavyo ungefanya wewe.

Kwa hiyo leo hakuna turubai, hakuna viti mia mbili, hakuna spika. Pesa za hayo zimekuwa mabati, na mwashi na wenzake wako juu ya paa tunapoandika haya. Mwenye duka ametoa misumari. Paa alilotuahidi tunaendelea kumkumbusha, na nywele zake zimeshakuwa ndefu. Fulana zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Sista amezikata nepi. Ni ile picha unayotabasamu, na tunajua ungekuwa wa kwanza kucheka.

Vyumba viwili viko wazi. Viwili bado vina kufuli, na Sista ameahirisha kufunga kwa miezi mitatu tu, aone kama tumebadilika au tumeona haya kwa muda. Tunaomba kila anayesoma asitutumie salamu za pole. Tumezipata za kutosha. Njoo kinyozini. Leta sabuni, shuka, mtungi wa gesi, au mikono yako. Wasionyoa nywele nao waje. Kiti cha wambeya kipo, na kopo linafika mpaka pale.

Yule binti wa kwenye benchi analala chumba cha kwanza, kitanda cha dirishani. Mtoto wake amefika kilo moja na nusu. Mama yetu anampelekea uji kila alfajiri kwenye chupa ile ile uliyokuwa ukimbebea yeye.

Wanaokukumbuka ni mkeo, uliyemwita Bosi hata mbele ya wageni. Mimi mwanao wa kwanza, wa kilo moja na robo. Kitinda mimba wako, ambaye sasa mikono haimtetemeki. Mkweo, yule mpaka rangi. Dada yako mshonaji, anayepinda kingo za zile nepi. Na wajukuu zako wanne, ambao wote wamenyolewa wiki hii na wote wamesimamishwa katikati.

Kopo halirudi kabatini, Baba. Tutakukumbuka kila nywele zinapoota.