Supu ya Mlonge

Temeke, Dar es Salaam
10 Februari 1974

Dada yangu Bernadeta,

Shikamoo. Habari za kijijini, na ule mguu unaendeleaje? Watoto hawajambo, wifi yako Margareta anakusalimu sana. Mwenye habari ni mie.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye winchi bandarini, kifua kikanibana kama mtu kanikalia. Jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Wenzangu wakanishusha, wakanipeleka hospitali. Nimepimwa damu. Daktari anasema damu yangu ina mafuta mengi, yanaitwa kolesteroli (nilimwomba aniandikie kwenye karatasi), na yanajijenga ndani ya mishipa mpaka njia ya kwenda moyoni inakuwa nyembamba. Kanipa vidonge. Kanikataza nyama ya mafuta, samli, mayai, na wali wa nazi wa kila siku. Nile maharage, samaki, mboga za majani, tena nitembee kwa miguu.

Akaniuliza baba yetu alikufaje. Nikamwambia alianguka shambani na jembe mkononi, umri wake kama wangu huu. Akaandika. Dada, naogopa. Hofu hii Margareta sijamwambia, nakwambia wewe.

Yeye anaona daktari ananionea tu. Anasema nikikonda, majirani watasema hanipikii. Sasa nakuomba ile dawa ya mama, majani ya mlonge. Huku yapo sokoni, ila sijui wanayachanganya na nini.

Mdogo wako,
Kasimiri

*

Kijijini, Masasi
3 Machi 1974

Mdogo wangu Kasimiri,

Marahaba. Mguu unaniuma asubuhi, jioni nausahau. Natumaini barua hii itakukuta umesimama. Umeuona mwandiko wangu? Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anasema mie ndiye ninayeandika herufi zinazosomeka kuliko wote, na wanaume wamenuna.

Kwanza pole. Pili nimekasirika. Krismasi ulipokuja nilikwambia hicho kitambi kimezidi, ukacheka, ukasema ndiyo afya ya mjini. Haya, afya ndiyo hiyo.

Nimempa Kornelio, utingo wa basi, mfuko wa majani ya mlonge. Niliyachuma mwenyewe nikayaanika kivulini. Chemsha kama mama alivyokuwa akichemsha, unywe asubuhi kabla hujala kitu. Na vidonge vya daktari usiache. Baba hakupata daktari wa kumpima damu, wewe umempata.

Msalimie wifi. Mwambie hakuna jirani atakayekufa kwa niaba yako.

Dada yako,
Bernadeta

*

Temeke
31 Machi 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Sie wazima, na mfuko ulifika salama. Kornelio kala chakula hapa, kasifu sana.

Masharti nayafuata barabara. Nyama sili tena. Watoto wanakula, mie natazama pembeni na maharage yangu. Na dawa nakunywa kila asubuhi, ile ile ya mama. Jirani yetu Polikarpo anafanya kazi machinjioni, ananiwekea mifupa yenye uboho. Margareta anaichemsha usiku kucha jikoni mpaka mafuta yanaelea juu, ndipo anatia majani. Nakunywa vikombe viwili. Nikiinusa tu naiona nyumba yetu ya zamani, mama kainama kwenye chungu. Margareta naye sasa anaiamini tiba, kila siku ananiuliza kama aniongezee.

Kifua bado kinabana nikipanda ngazi, nadhani ndiyo dawa inasukuma ugonjwa. Vidonge nimevipumzisha kwanza. Daktari hajui dawa zetu, nisije nikachanganya vitu tumboni.

Mdogo wako,
Kasimiri

*

Kijijini
22 Aprili 1974

Kasimiri,

Salamu utazikuta mwishoni. Iache hiyo supu leo hii.

Nani kakwambia supu? Unakumbuka chungu cha mama, hukumbuki kilikuwa cha nani. Kilikuwa changu. Nilikuwa nimejifungua ule mwaka wa njaa, nimebaki mifupa, mama akawa ananitilia mlonge kwenye supu ya mbuzi ili nipate nyama mwilini. Wewe ulikuwa mtoto, ukawa unalamba mwiko. Baba, aliyekuwa na mwili kama wako, mama alimchemshia kwa maji matupu, hata chumvi hakutia. Na baba akasukuma sahani, akasema yeye si mbuzi. Hukuona, ulikuwa nje unacheza. Nilipoandika "kama mama" nilidhani unajua.

Mwanaume mzima umekatazwa mafuta, unakunywa uboho asubuhi na mapema, unaita dawa. Ningekuwa karibu ningekuchapa.

Basi lililoleta barua yako lilikuwa la mwisho kuvuka Rufiji. Mto umefurika, hii itakaa posta mpaka maji yapungue. Kwa hiyo kesho nakwenda Masasi mjini kukupigia telegramu.

Wasalimie wote.

Dada yako

*

TELEGRAMU
MASASI 23 APRILI
ACHA SUPU CHEMSHA KWA MAJI RUDI KWA DAKTARI
DADA

*

Kijijini
12 Mei 1974

Mdogo wangu Kasimiri,

Hujambo? Natumaini hujambo. Sijapata jibu. Karani wa posta ananiapia telegramu ilifika Dar es Salaam siku ile ile. Mabasi bado. Kila anayepita na baiskeli kutoka mjini namwuliza. Usiku sipati usingizi, namwona baba na lile jembe.

Hata kama umenikasirikia kwa maneno yangu, andika mstari mmoja.

Dada yako,
Bernadeta

*

Temeke
2 Juni 1974

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimepona, anza na hilo. Barua zako mbili nimezipata jana kwa mkupuo.

Telegramu ililetwa nyumbani mie niko kazini. Margareta alipoiona akajua ni msiba, maana kwetu huku telegramu isiyo ya msiba hatujawahi kuiona. Akajua umekufa. Akafikiri, nikiisoma na moyo huu nitakufuata. Hakuthubutu hata yeye kuifungua. Akaifukia kwenye debe la unga, akawa analia chooni ili nisimwone, na kila asubuhi ananiongezea supu nipate nguvu ya kuupokea msiba wako.

Mei mosi nikaanguka mlangoni. Nililazwa wiki tatu. Siku nilipoweza kukaa, Margareta akaona hakuna tena cha kuficha. Akaja na telegramu imejaa unga, akapiga magoti, akasema, "Baba Albano, dada yako katutoka." Nikaifungua. Nikasoma "Acha supu." Nililia, dada, akaja nesi mbio.

Usimgombeze. Anajigombeza mwenyewe mchana kutwa.

Daktari nimemweleza yote. Hakucheka. Kasema mlonge ni mboga, nile kwa maji, lakini mboga haichukui nafasi ya vidonge. Winchi nimeondolewa, sasa nakaa getini nahesabu malori. Narudi kwa miguu.

Jana jioni Margareta kanipikia mlonge kwa maji matupu. Ni mchungu, tena unanuka nyasi. Nikaisukuma sahani, na neno la baba lilikuwa limeshanifika mdomoni. Margareta alikuwa amesimama pale, mikono ina unga.

Nikaivuta tena, nikala nikamaliza.

Mdogo wako,
Kasimiri